Shemeji Alikalia Namba ya Dawa, Mume Wangu Akilia kwa Maumivu

Nina miaka thelathini na tisa, ni mjane mwenye watoto watatu, na nina hasira. Nawaambia mapema ili asiyependa kusoma maneno ya mwanamke mwenye hasira aache hapa hapa, atafute kitu kingine cha kusoma.

Ni fundi cherehani. Nashona Jeppestown, kwenye jengo la zamani ambalo chini wanatengeneza magari na juu tumejazana sisi wa kushona. Sare za kwaya, magauni ya harusi, vitenge... chochote mtu anachotaka. Nyumbani ni Turffontein, vyumba viwili vya uani. Nilizaliwa Uvira, Kongo, lakini nimekaa Johannesburg muda mrefu kiasi kwamba watoto wangu nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza.

Mume wangu aliitwa Bahati. Alikuwa mlinzi wa geti kwenye jengo moja la ofisi kule Braamfontein. Mwanamume mrefu, mpole, asiyependa makelele. Kama kuna aliyewahi kumsikia akimtukana mtu, ajitokeze aniambie!

Na kulikuwa na mdogo wake. Huyu nitamwita Deo. Si jina lake. Nimelibadilisha, ingawa hastahili heshima hiyo.

Deo alikuja Afrika Kusini nyuma yetu. Sisi ndio tuliompokea. Alilala sebuleni kwetu, akala chakula changu, nikamshonea suruali ya kwanza aliyoendea kutafuta kazi. Sikatai, ni mtu mwenye akili. Alijifunza Kiingereza haraka, na Kizulu pia, akapata kazi ya karani kwa wakili mmoja anayeshughulikia karatasi za wageni. Kanisani kwetu akawa mtu mkubwa. Mtu akikwama ofisini, anaitwa Deo. Mtu akishikwa na polisi, anaitwa Deo. Nami nilijivunia shemeji yangu, jamani... Nilijivunia!

Ugonjwa wa Bahati ulianza kwenye nyonga. Alidhani ni kusimama getini. Akawa anachechemea, kisha akashindwa kupanda ngazi za basi, kisha akashindwa kugeuka kitandani. Hospitali wakapima, wakapima tena, wakatuita. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa.

Daktari hakutuficha. Alisema kuponya haiwezekani tena, ila maumivu yanaweza kushikwa. Alisema hivyo kwa uhakika kabisa. Mgonjwa wenu hana sababu ya kuumia, alisema, tuna dawa.

Dawa yenyewe ni mofini ya maji, ya kunyweshwa kwa bomba dogo la plastiki. Muuguzi alinieleza taratibu, na nilimwelewa. Alisema ni dawa yenye sheria kali kwa sababu watu wanaiuza mitaani na wengine wanajiharibu nayo. Siku hizi daktari haiandiki kwenye karatasi. Anaiandika kwenye kompyuta, anatia saini yake humo humo, halafu namba ya siri inatumwa kwenye simu ya mgonjwa. Ukienda famasi unaonyesha kitambulisho cha mgonjwa pamoja na ile namba. Huna namba, hupewi dawa. Na chupa ikiisha, daktari lazima aandike upya, namba mpya itumwe. Namba nayo ina muda wake. Usipoichukulia dawa mapema, inakufa.

Nikaona ni utaratibu mzuri. Nani anataka dawa kali kama hiyo iishie kwa wahuni?

Muuguzi akauliza, namba ya simu tuandike ipi? Ya Bahati ilikuwa imezimwa tangu alipoacha kazi. Nikafungua mdomo kutaja yangu.

Deo, aliyekuwa amekuja nasi, akanyoosha mkono. "Andika yangu," akamwambia kwa Kiingereza. Kisha akanigeukia. "Shemeji, simu yako banaiiba kila siku kule Jeppe. Na daktari akipiga utamujibu nini? Uachiye miye."

Ilikuwa kweli simu yangu ilishawahi kunyakuliwa. Ilikuwa kweli Kiingereza changu ni cha kuombea bei ya vitambaa. Na kwetu ndivyo ilivyo: mwanamume akiugua, wanaomsemea ni watu wa damu yake. Mke anapika, anafua, anageuza mgonjwa, analia. Mdomo ni wa ukoo. Hakuna aliyeandika sheria hiyo mahali popote, lakini jaribu kuivunja uone utakavyoitwa.

Basi ikaandikwa namba ya Deo. Jumapili mchungaji akamsimamisha mbele ya kanisa, akamsifu kwa kumbeba kaka yake. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Chupa ya kwanza tulipewa hospitali siku ya kutoka. Ndugu zangu, dawa ile ilimrudisha mume wangu! Alilala usingizi wa kweli. Aliamka akaomba sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, akala, akanitania kwamba chumvi nimeiacha Uvira. Alimsikiliza binti yetu mkubwa, Neema, akisoma kitabu cha shule, ingawa maneno mengi yalimpita.

Chupa ilipokaribia kuisha nikamwambia Deo. Akasema sawa, ataleta.

Hakuleta.

Nikamuuliza. "Sistemu iko chini, Mama Neema," akanijibu. "Banasema tuongoje."

Mtu yeyote anayeishi mji huu atanielewa kwa nini niliamini. Ni lini sistemu haijawahi kuwa chini? Ukienda benki, sistemu iko chini. Ukienda ofisi ya uhamiaji umepanga foleni tangu alfajiri, unaambiwa sistemu iko chini, rudi kesho. Umeme nao ukikatika, hata robot, zile taa za kuongoza magari barabarani, zinazimika na magari yanapigiana honi. Kwa hiyo nikangoja. Nikamminyia Bahati matone ya mwisho, nikaisuuza chupa kwa maji kidogo, nikampa hayo maji pia.

Kisha maumivu yakarudi.

Sijui niwaelezeje. Umewahi kumsikia mtu mzima akilia huku ameuma shuka ili watoto wasisikie? Nilimnunulia Panado kwenye spaza, kiduka cha mtaani. Panado! Kwa saratani ya mifupa! Niliweka chupa za maji ya moto, nikamkanda, akaniomba nisimkande. Nikikaa pembeni ya kitanda, godoro likitikisika kidogo tu, alipiga kelele. Mwishowe nikawa nakaa sakafuni nimeegemea ukuta, nimemshika vidole basi.

"Zawadi, nisaidie basi," alikuwa akiniambia. "Mama, nisaidie..."

Ningemsaidia na nini?

Kazi nikaacha. Sare za kwaya nilizokuwa nimepokea zikachukuliwa na fundi mwingine. Mtoto wetu wa mwisho akaanza kukojoa kitandani. Jirani yetu Mama Rehema, Mrundi mwenye roho nzuri, akawa anakuja kunipokea ili nipate hata kuoga. Akina mama wa kanisa walileta mafuta ya upako, wakaomba, wakaimba, wakaondoka wakisema Mungu ana makusudi yake. Kila nikimpigia Deo, jibu ni lile lile. Sistemu. Vumilia. Kesho.

Lakini Deo mwenyewe alikuwa anakuja! Kila siku jioni akitoka kazini alipita kwetu amevaa shati lake safi. Na kila akija, alikuwa na simu mkononi, na kwenye simu alikuwa Baba Mkubwa Kashindi, mzee wa ukoo wao, pamoja na wengine waliokusanyika kule Uvira.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Kwa watu wa mume wangu, mzaliwa wa kwanza haondoki hivi hivi. Lazima aseme. Lazima atamke mbele ya ukoo, kwa kinywa chake, nani anashika nafasi yake, nani anashika nyumba, nani anashika watoto. Likishatamkwa, hakuna mwanamke wala mahakama ya kulibadilisha. Na sisi tulikuwa na nyumba Uvira. Tuliijenga matofali kwa matofali, kwa mshahara wa geti na kwa cherehani yangu. Ukoo ulitaka Bahati atamke kwamba nyumba na watoto vinabaki mikononi mwa Deo.

Bahati hakutaka. Deo akimwekea simu mdomoni, alifumba macho. "Bado," alisema. "Nikipata nafuu nitasema."

Nilikuwa nayaona hayo yote. Niliona ni desturi, nikaona ni huzuni ya mtu anayempoteza kaka. Nilikuwa namchemshia chai!

Siku niliyoujua ukweli nilikuwa nimeenda famasi kununua nepi za watu wazima. Ni famasi ile ile tuliyopangiwa kuchukulia dawa, mwendo mfupi kutoka kwetu. Nikiwa kwenye foleni, mbele yangu bibi mmoja akamwonyesha mfamasia simu yake. Mfamasia akaangalia kompyuta, akabonyeza, akaingia ndani, akatoka na dawa. Bibi akaondoka zake.

Nikabaki nimeduwaa. Ilipofika zamu yangu nikauliza, sistemu imerudi lini?

Mfamasia alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Akaniuliza, sistemu gani, mama? Haijawahi kuzimika.

Nikatoa karatasi ya ukimbizi ya Bahati, ambayo natembea nayo. Akaingiza namba zake kwenye kompyuta. Akavaa miwani. Akanitazama mimi, akatazama kioo, akanitazama tena.

Dawa ipo, akasema. Daktari ameiandika, na namba ya siri imeshatumwa. Kabla ya hii aliandika nyingine, haikuchukuliwa, muda ukapita. Na kabla ya hiyo, nyingine tena. Akaniuliza kwa sauti ya chini, mama, kwa nini hamji kuchukua?

Imetumwa kwa nani? Nikamsihi aniambie imetumwa kwa nani! Akasema hawezi kunisomea namba nzima, akanitajia tarakimu za mwisho. Nilizijua. Nilikuwa nazipiga kila siku nikilia.

Nikazisukuma zile nepi pembeni ya kaunta.

Nikamwomba anipe ile dawa. Iko hapo nyuma yake, kwenye kabati lenye kufuli, hatua chache kutoka nilipo. Akakataa. Nikamwambia mume wangu analia. Akakataa. Alisema dawa za namna hii akitoa bila namba, anapoteza leseni na anaweza kushtakiwa. Nilimtukana, wasomaji wangu. Nilimtukana matusi ambayo sikujua ninayo, nashukuru yalikuwa ya Kiswahili. Aliningoja nimalize. Kisha akanielekeza: nenda kliniki ya daktari aliyeandika, waambie wabadilishe namba ya simu, wanaoweza kubadilisha ni wao tu, na mgonjwa mwenyewe lazima akubali.

Nikampigia Deo. Hakupokea. Nikapiga tena na tena. Akaniandikia ujumbe: "Niko mkutano. Vumilia, Mama Neema."

Nilipanda teksi hadi mjini, nikaunganisha hadi Braamfontein, nimevaa kitenge cha nyumbani na ndala. Kliniki ile, ambayo hospitali ilikuwa imeikabidhi dawa za Bahati, ina viti laini na wanafunzi wa chuo wanaokaa na simu zao kimya kimya. Dada wa mapokezi akaniambia nahitaji miadi. Nikamwambia sina miadi, nina mume! Nikapaza sauti mpaka daktari akatoka mwenyewe.

Mwanzoni alinitazama vibaya. Akaniambia wao wamekuwa wakiandika dawa na haichukuliwi. Wakatuma ujumbe kuuliza hali ya mgonjwa. Wakajibiwa, kwa Kiingereza kizuri kabisa, kwamba mgonjwa anaendelea vyema, maumivu ni madogo, familia imeamua kupunguza dawa kali kwa sababu ya imani.

Soma hiyo tena, msomaji. Maumivu ni madogo!

"Daktari, anapiga kelele," nikamwambia kwa Kiingereza changu cha vitambaa. "Kila siku, daktari. Anapiga kelele!"

Uso wake ukabadilika. Lakini bado alisema hawezi kuandika dawa ile upya kwa maneno yangu tu, lazima amsikie mgonjwa. Nikampigia Mama Rehema aliyekuwa amekaa na Bahati, simu ya video. Daktari akajitambulisha, akamwuliza jina lake, akamwuliza anataka dawa ya maumivu au hataki.

Bahati hakumaliza kujibu. Aligeuka kidogo kutazama simu, na ile sauti ikamtoka. Watu wote wa mapokezi waliisikia. Wale wanafunzi waliinua vichwa.

Namba itumwe kwa nani? daktari akauliza.

"Mke wangu," Bahati akasema. "Mke wangu peke yake."

Daktari akaandika pale pale. Simu yangu ikalia mkononi kabla sijatoka mlangoni. Nilipoiona ile namba nilitaka kuibusu na kuitupa chini kwa pamoja, maana ni kitu kidogo hivi, tarakimu chache hizi, ndicho kilichokuwa kimekaa mfukoni mwa shati safi la Deo huku akinywa chai yangu!

Mfamasia aliniona tu naingia, akaenda kufungua kabati.

Nilimnywesha Bahati. Tukangoja. Taratibu taya zikaacha kukaza. Ngumi zikafunguka. Akavuta pumzi moja ndefu, akafumba macho, akalala. Nami nikaenda uani nikapiga ukuta kwa viganja mpaka vikavimba.

Alipoamka aliniuliza, ilikuwa wapi dawa? Nikataka kumficha. Nikashindwa. Nikamwambia yote. Akatazama dari. Kisha akasema, "Usimwambie kitu Deo. Umuache akuje."

Deo alikuja Jumapili mchana, ametoka kanisani na Biblia kwapani. Simu mkononi kama kawaida, Baba Mkubwa hewani. Alimkuta kaka yake ameegemezwa mito miwili, amenyolewa ndevu, macho yake yanaona. Alishtuka. Alinitazama mimi. Nami nikamtazama.

"Kaka," akasema, "Baba Mkubwa iko kwa laini."

"Vizuri," Bahati akamwambia. "Leo nitasema."

Mngemwona Deo! Alichangamka, akaweka sauti kubwa, akabonyeza ya kurekodi, akaisimamisha simu juu ya stuli. Kule Uvira tukasikia watu wakinyamazishana.

Bahati akaanza kwa swali. "Deo, namba za dawa yangu ulizipeleka wapi?"

Deo akaitupia jicho ile simu juu ya stuli.

"Kaka..."

"Nakuuliza mbele ya baba zetu. Ulizipeleka wapi?"

Na hapo ndipo niliposikia jambo ambalo hadi leo likinijia nikiwa kwenye cherehani lazima nisimamishe mguu. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba aliuza. Mfamasia alifikiria hivyo, daktari alifikiria hivyo, na mimi pia. Lakini hakuuza. Hakuichukua hata chupa moja! Aliziacha zile namba zife kwenye simu yake, moja baada ya nyingine.

"Ile dawa inakulalisha," Deo akasema. Alikuwa analia sasa. "Ungeenda bila kusema, kaka. Ungelala tu, kwisha. Miye nilifanya kwa ajili ya ukoo. Nilitaka ubakiye macho, useme!"

Nikangoja kusikia Baba Mkubwa Kashindi akifoka. Nikangoja kusikia hata mtu mmoja kule ng'ambo akisema, Deo, umefanya nini?

Sauti ya mzee ikatoka kwenye simu, tulivu kabisa. "Sasa si useme, mwanangu. Tunakusikiliza."

Walijua. Wote walikuwa wanajua! Walikaa kwenye viti vyao Uvira, jioni baada ya jioni, wakimsikiliza mtoto wao akiungua, wakisubiri achoke!

Bahati alitikisa kichwa. Kisha akasema, na alisema vizuri, neno kwa neno, bila kukatizwa na maumivu, kwa sababu ya dawa ile ile waliyoiogopa. Alisema nyumba ya Uvira ni ya Zawadi na watoto wake. Alisema watoto wanabaki na mama yao, na hakuna mtu wa ukoo atakayewahamisha. Alisema asante kwa waliomlea.

Kisha akamtazama mdogo wake. "Na aliyenizuilia dawa asiguse jeneza langu."

Deo alianguka magoti. Bahati akageuza uso ukutani, akaniomba nizime simu.

Aliishi siku chache baada ya hapo. Siku nzuri, nitasema ukweli. Alizungumza na kila mtoto peke yake. Alifariki asubuhi nikiwa nachemsha uji, bila kelele, mkono wake umelala wazi juu ya blanketi.

Mnadhani mambo yaliishia hapo? Msiba ukaanza, na maneno yakaanza. Mchungaji akaniita pembeni. Akaniambia ndugu Deo ameungama, kanisa limemsamehe, na itakuwa aibu kubwa mdogo wa marehemu asibebe jeneza. Watu watasema nini? Alisema marehemu aliongea kwa uchungu, tena akiwa na dawa kali kichwani, hivyo maneno yake hayahesabiki.

Mnaona? Alipokuwa anaungua walitaka aseme. Aliposema, wakasema ni dawa iliyosema!

Nikamwacha mchungaji pale na maneno yake. Makaburini wanaume walijipanga wamevaa glavu nyeupe. Deo akajiweka mbele kabisa, upande wa kichwa, akashika mpini. Nikatoka kwenye kundi la wanawake. Nikaenda hadi alipo. Nikamshika mkono, nikamvua ile glavu, kidole baada ya kidole, mbele ya kanisa zima.

"Alikukataza," nikamwambia. "Toka."

Mtu mmoja akaniita mchawi. Mwingine akasema huyu mwanamke amerukwa na akili. Mfanyakazi mwenzake Bahati, mlinzi wa kule Braamfontein ambaye hata Kiswahili hajui, akaja akasimama mahali pa Deo, akashika. Tukamzika mume wangu.

Sasa nisikilizeni, hasa ninyi wake za watu mnaoishi ugenini.

Muuguzi akiuliza namba ya simu, taja yako! Taja hata kama kioo kimepasuka. Taja hata kama shemeji, wifi, mchungaji, au mtu yeyote mwenye Kiingereza cha puani amenyoosha mkono. Hujui lugha? Sema hujui, omba akusemeshe polepole. Kiingereza changu kibovu kilimpatia mume wangu dawa ambayo Kiingereza kizuri kilimnyima.

Ukiambiwa sistemu iko chini, vaa ndala uende ukaione kwa macho yako hiyo sistemu iliyo chini.

Na msidanganywe kwamba dawa ya maumivu ndiyo kifo. Mume wangu alikuwa anakufa kwa saratani. Dawa ilimpa nafasi ya kufa akiwa mtu.

Na ninyi madaktari, kama kuna anayesoma, nina neno na ninyi pia. Sheria mliifuata yote. Mliandika mnavyotakiwa kuandika, mkatia saini, mkatuma namba, mkahakikisha dawa haiibiwi. Siwalaumu kwa hilo. Lakini mliuliza hali ya mgonjwa kwa simu, na simu ikajibu, mkaridhika. Kwa nini hakuna aliyeomba kusikia sauti yake mwenyewe? Ingewachukua muda gani?

Mwezi uliopita wazee wa kanisa walikuja kwangu na soda, wakakaa, wakasema Deo anadhoofika, halali, anaomba tupatane. Wakasema nina moyo mgumu. Wakasema marehemu ameshapumzika, kwa nini mimi nisipumzike?

Nikawaambia niko tayari. Deo aje hapa, akae sakafuni nilipokuwa nakaa, ashike vidole vya mtu anayeungua ambaye hawezi kumsaidia, akae hivyo kwa muda wote ule aliotukalisha sisi. Akimaliza, anibishie hodi.

Wakaondoka, soda zikabaki. Watoto wakazinywa.